Kutembea kwenda wapi?

Mguu wa kulia ulizama hadi pajani. Wa kushoto ulibaki juu ya kishungi cha nyasi, na mimi katikati nikawa kama mtoto anayejaribu kuendesha baiskeli ya baba yake. Ukungu ulikuwa umeshuka, mbele sioni zaidi ya hatua ishirini. Kila nikiuvuta mguu, tope nalo linauvuta. Nikasikia mbwa anabweka mahali fulani, kisha sauti ya mzee, taratibu kabisa: "Now then."

Ndiyo salamu ya watu wa Yorkshire hiyo, kaskazini mwa England. Neno kwa neno ni kama "Sasa basi", na nadhani Wakenya wangeielewa mara moja, maana wao nao husalimiana "Sasa?" Ila kwa hali niliyokuwa nayo niliichukua kama swali: sasa basi, imekuwaje bwana?

Mzee hakuharakisha. Aliniambia nisivute tena, nikae chini hapohapo kwenye maji, nichezeshe kisigino kidogokidogo ili hewa ipite. Nikakaa. Suruali ililowa mpaka kiunoni. Baada ya muda ulioonekana mrefu kuliko ulivyokuwa, tope likatoa sauti ya aibu na mguu ukatoka, soksi tupu. Kiatu kilibaki chini. Mzee akavua koti, akakunja mkono wa shati, akalala kifudifudi na kuingiza mkono hadi begani. Akakitafuta huku uso ameuelekeza pembeni, kama mkunga, kisha akakitoa kimejaa uji mweusi. Akakimimina, akanipa.

"Unaenda wapi?" akauliza.

"Keld."

"Basi njia iko kule." Akanyoosha kidole kwenye ukungu ambao kwangu ulikuwa sawa pande zote.

Swali lile la "unaenda wapi" lilinichekesha baadaye, kwa sababu ndilo swali ambalo Mama hunisumbua nalo kila nikimpigia simu kumwambia kwamba mwisho wa wiki nilikwenda kutembea. "Kutembea kwenda wapi?" Namwambia, milimani. "Kuna nani huko?" Hakuna mtu, Mama, natembea tu. Kimya. Kisha: "Ulikuwa na safari gani?"

Nimekulia Lushoto, na kwetu kutembea hakukuwa starehe. Ulitembea kwenda shule, kwenda gulioni, kupeleka taarifa ya msiba, kumrudishia mtu jembe lake. Ni kweli Kiswahili kinatuambia pia "nimekuja kutembea" tukimaanisha kuzuru ndugu, lakini hata hapo kuna mtu mwishoni mwa njia, na chai. Kutembea ambako mwisho wake ni pale ulipoanzia hakukuwa na jina zuri. Jina lililokuwepo ni kuzurura, na mjini uzururaji ni kosa ambalo mtu anaweza kukamatiwa. Sheria za namna hiyo tulirithi kutoka hukuhuku Uingereza, ambako tangu mwaka 1824 walikuwa na sheria yao dhidi ya wazururaji. Nalitaja kwa sababu nitalirudia.

Sasa naishi Leeds, nahudumia wazee katika nyumba ya kulelea, zamu nyingi za usiku. Ni mmoja wa wazee hao aliyeniambia kwamba ukitaka kuijua nchi hii panda treni iendayo Carlisle, ushuke popote unapoona hakuna kitu. Niliushika ushauri wake. Mwanzoni mwa Juni, baada ya zamu nne mfululizo, nikapanda treni hiyo. Inapita juu ya daraja la Ribblehead lenye matao 24, lililojengwa miaka ya 1870 katikati ya uwanda ambao hauna hata mti wa kukaa kivulini. Nikashuka Kirkby Stephen. Kituo kiko mbali na mji kiasi kwamba safari ya kwanza ya miguu ni kuutafuta mji wenyewe.

Mpango wangu ulikuwa siku tatu: kupanda kutoka Kirkby Stephen, kuvuka mgongo wa milima hadi Keld, kisha kufuata mto Swale kuteremka bondeni hadi Grinton. Kipande cha kwanza ni sehemu ya njia ndefu iitwayo Coast to Coast, iliyobuniwa na Alfred Wainwright na kutangazwa katika kitabu chake cha mwaka 1973, kutoka St Bees kwenye pwani ya magharibi hadi Robin Hood's Bay mashariki, kilomita 300 na ushee. Wainwright alikuwa mhasibu wa manispaa, mtu wa hesabu, na nadhani ndiyo maana njia yake inakwenda kana kwamba mtu alichukua rula. Mvua hakuihesabu.

Kilele cha siku ile kinaitwa Nine Standards Rigg. Kuna minara tisa ya mawe imepangwa mstari, mingine mirefu kuliko mtu, ukiitazama kutoka chini unadhani ni watu wamesimama wanakusubiri. Urefu kutoka usawa wa bahari ni mita 662. Hapa mtu wa Lushoto lazima acheke. Mjini kwetu, sokoni kabisa, tuko mita 1,400 hivi, na hakuna anayejipongeza kwa kufika. Nilicheka hadi nilipofika juu. Upepo ulinipiga kofi nikavaa kila nguo niliyokuwa nayo, kisha ukungu ukaja kutoka magharibi, nikajua kwamba mita 662 za huku si sawa na mita 662 za kwetu.

Pale juu maji hugawana nchi. Mvua inayoangukia upande wa magharibi hushuka mto Eden na kuishia Bahari ya Ireland. Ya mashariki hushuka Swale, ikaingia Ouse, ikaingia Humber, ikafika Bahari ya Kaskazini. Mimi niliishia katikati, kwenye ile ambayo haijaamua.

Maana kule juu maji hayaendi haraka. Ardhi ni mboji: mimea, hasa kuvumwani, iliyokufa ndani ya maji ikakosa hewa, ikaoza nusu ikaishia hapo. Inaongezeka kama milimita moja kwa mwaka. Ukipiga hesabu, shimo lililomeza paja langu lilichukua karne nane hivi kujijaza, na mimi nilishuka hadi chini kwa sekunde mbili. Miguu ya wapita njia imeichakaza mboji hii kiasi kwamba wasimamizi waliweka njia tatu tofauti kuelekea Keld, kila moja na rangi yake na miezi yake, ili ardhi ipate kupumzika kwa zamu. Nilikuwa kwenye njia ya rangi sahihi. Tatizo ni kwamba niliona dimbwi, nikalizunguka, nikaona jingine, nikalizunguka, na baada ya madimbwi sita nilikuwa nazunguka tu.

Kwenye ramani kulikuwa hakuna tatizo. Kuna kanuni ya zamani ya Mskoti mmoja, William Naismith, ya mwaka 1892: saa moja kwa kila maili tatu, na saa nyingine kwa kila futi 2,000 za kupanda. Kwa kanuni hiyo ningekuwa Keld kabla ya saa kumi jioni. Nilifika saa mbili kasoro usiku, mchana bado mweupe kama wa saa tisa kwa sababu Juni huku jua halina haraka, soksi moja mkononi. Wahenga waliposema njia ya mwongo ni fupi sidhani walikuwa wanamfikiria Naismith, lakini usiku ule nilimfikiria mimi.

Keld ni nyumba chache za mawe na sauti ya maji. Jina lenyewe maana yake ni chemchemi, na halikuwa la Kiingereza asilia. Waliokuja na majina haya ni watu wa Skandinavia, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na walipoanza kulisha mifugo huku waliacha msamiati mzima: fell ni mlima wa malisho usio na miti, dale ni bonde, beck ni kijito, gill ni korongo. Kijiji cha mbele, Gunnerside, kilikuwa malisho ya mtu aitwaye Gunnar. Mswahili haoni ajabu. Na sisi tukiondoa maneno yote yaliyoshuka kutoka jahazini, tutabaki tunaonyeshana kwa vidole.

Hapo Keld njia mbili kubwa hukutana. Moja ni hiyo ya Wainwright. Ya pili ni Pennine Way, inayotoka Edale kwenda kaskazini hadi Kirk Yetholm, ng'ambo ya mpaka wa Uskoti, maili 268. Na hii ina hadithi inayohusu uzururaji.

Milima hii yote ya vichaka vifupi ina wenyewe. Kichaka chenyewe wanakiita heather. Agosti huwa zambarau kila upande, Juni ni kahawia kama moto ulipita jana. Wenye ardhi hukichoma kwa vipande ili machipukizi mapya yawalishe ndege fulani wa jamii ya kwale, ambao nao hupigwa risasi kuanzia tarehe 12 Agosti. Kwa ajili ya kwale hao, wafanyakazi wa viwanda vya Manchester na Sheffield walizuiwa kukanyaga mlima waliokuwa wanauona dirishani. Tarehe 24 Aprili 1932, watu wapatao 400 waliamua kupanda Kinder Scout, kusini ya huku, bila ruhusa. Aliyekuwa mbele alikuwa kijana wa miaka 20 aitwaye Benny Rothman. Walinzi wa ardhi wakapambana nao, na mwishowe vijana watano wakafungwa jela. Kosa lao, ukiliondolea lugha ya mahakama, lilikuwa kutembea bila kwenda mahali.

Sheria ya hifadhi za taifa ikaja mwaka 1949. Pennine Way ikafunguliwa mwaka 1965, tarehe ileile, 24 Aprili. Na mwaka 2000 ikapitishwa sheria inayokuruhusu kutoka kabisa nje ya njia kwenye milima na nyika zilizoainishwa kwenye ramani. Kwa hiyo hata pale nilipozama, nilizama kihalali. Kuna jambo moja zaidi ambalo bado linanishangaza: sehemu za Pennine Way zilizokuwa zimegeuka tope zimewekewa mawe bapa, na mengi ni mawe ya sakafu kutoka viwanda vya pamba vilivyobomolewa. Mawe yaliletwa kwa helikopta. Yaani sakafu ambayo babu alisimama juu yake saa kumi kwa siku, mjukuu anaikanyaga mlimani akiwa na chupa ya chai.

Siku ya pili kiatu kilikuwa bado kinalia pwa-pwa. Nikala chapati mbili nilizotoka nazo Leeds, nikaanza kupanda Kisdon.

Kisdon ni mlima mdogo ulio peke yake, mto unauzunguka. Wengi hupita pembeni yake, juu ya maporomoko. Mimi nilipita juu, kwa sababu kwenye ramani kulikuwa na maneno mawili yaliyonikamata: Corpse Road. Njia ya maiti.

Mabonde haya ya juu hayakuwa na makaburi yaliyowekwa wakfu. Kanisa la parokia lilikuwa Grinton, kule chini, la Mtakatifu Andrea, na mtu akifa Keld au mbele zaidi, ilibidi abebwe mpaka huko ndipo azikwe. Ni safari ya maili kumi na ushee kwa miguu, kupanda Kisdon na kushuka, na inasemekana ilichukua siku mbili wakati wa hali mbaya ya hewa. Wakati mwingine hawakutumia jeneza la mbao kwa sababu ya uzito. Walitumia la kusukwa kwa fito, kama tenga. Mpaka mwaka 1580, kanisa dogo lilipojengwa Muker na eneo lake la makaburi, ndipo watu wa juu wakaepushwa sehemu kubwa ya njia hiyo.

Nilisimama mahali njia inapokuwa kali, mawe yaliyolegea chini, ukuta upande mmoja, nikajaribu kuwaza ilivyokuwa: watu sita na tenga, mvua, mmoja anateleza. Nikashindwa kuendelea kwa muda.

Baba alifariki Alhamisi usiku, miaka mitatu kabla ya safari hii. Akazikwa Ijumaa baada ya sala. Hiyo ndiyo desturi yetu na ndiyo heri ya marehemu, wala sina wa kumlaumu. Kutoka Leeds hadi Lushoto hakuna ndege ya kuiwahi Ijumaa hiyo. Nilikuwa zamu. Nilipokea simu korido, nikarudi kumalizia kumlisha mzee uji.

Kwetu jeneza halibebwi na watu wanne walioteuliwa. Linapita mabegani. Kila mwanamume anataka hatua zake chache: anaingia mbele, anasukumwa nyuma na wanaoingia, anatoka, anakimbilia mbele tena. Ukitazama kutoka ng'ambo ya bonde unaona kama jeneza linaogelea peke yake juu ya kofia. Nimeshawabeba watu ambao majina yao siyajui, nikiwa tu napita. Baba sikumbeba.

Sisemi kwamba pale Kisdon niliona kitu au nilisikia kitu. Kulikuwa na kondoo. Kondoo wa huku wana uso mweusi, pua nyeupe, pembe zilizojikunja hata za majike, na mmoja alinitazama huku anatafuna kama karani anayekuambia urudi kesho. Hawana uzio huku juu, lakini hawapotei. Jike humfundisha mwanawe mipaka ya malisho yao kwa kutembea naye tu, na mwana humfundisha wake, na ndivyo kundi linavyojua mlima wake kizazi hadi kizazi. Mkulima akiuza shamba, kondoo wa mlimani huuzwa pamoja nalo. Mwaka 2001, ugonjwa wa miguu na midomo ulipoingia Uingereza, mifugo zaidi ya milioni sita ilichinjwa na njia zikafungwa. Waliopoteza makundi ya mlimani hawakupoteza nyama na sufu tu. Unaweza kununua kondoo wengine. Huwezi kununua wanaojua pa kuishia.

Nikateremka Muker.

Sijui nianzie wapi kuhusu Muker, na ninaogopa kusifia kupita kiasi kama kipeperushi cha utalii. Niseme hivi: mashamba ya majani. Ukishuka kutoka kijijini kuelekea mtoni kuna mfululizo wa viwanja vidogo vimezungushiwa kuta za mawe, na mwezi Juni majani yamefika magotini na ndani yake maua ya kila rangi, ya zambarau, ya njano, meupe, hakuna aliyeyapanda. Katikati njia ya mawe bapa, upana wa mtu mmoja. Kibao kinakuomba mpite kwa mstari, mmoja nyuma ya mwingine, kwa sababu haya si bustani bali ni chakula cha ng'ombe cha miezi ya baridi. Ukiyakanyaga, umemkanyagia mtu ugali wake.

Siri ya maua ni uvivu wenye mpango. Mkulima hatii mbolea ya chumvichumvi, na hakati mpaka Julai, mbegu zikishadondoka. Kuna ua moja la njano ambalo mizizi yake hunyonya mizizi ya nyasi. Nyasi zinadhoofika, maua mengine yanapata nafasi. Mashamba ya namna hii yalikuwa kila mahali England na Wales. Tangu miaka ya 1930 asilimia 97 yametoweka.

Karibu kila kiwanja kina banda lake la mawe. Majani makavu yalihifadhiwa juu, ng'ombe wachache walilala chini, samadi ikarudi kwenye kiwanja hichohicho. Mabanda mengi sasa ni matupu. Si matupu kabisa: nilichungulia moja, mbayuwayu akanipita sikioni kama risasi. Hao mbayuwayu ni wenzangu. Wanaozaliwa Uingereza huvuka Sahara na kwenda kumalizia baridi Afrika Kusini. Ilijulikana kwa hakika Desemba 1912, baada ya mmoja aliyevishwa pete Staffordshire mwaka uliotangulia kukamatwa Natal. Hawa hawaombi viza. Haya, tuendelee.

Kuta zenyewe nilizitazama sana. Hazina saruji wala chokaa. Ni kuta mbili zinazoegemeana kwa ndani, katikati kokoto zimeshindiliwa, na kila baada ya kimo fulani jiwe refu linapita kutoka upande mmoja hadi wa pili kuzifunga. Juu mawe yamesimamishwa wima kama vitabu rafuni. Upepo hupenya, kwa hiyo hauziangushi. Zile za bondeni zimepinda kufuata ardhi. Zile zinazopanda mlima moja kwa moja bila kujali mteremko nyingi ni za karne za 18 na 19, Bunge lilipogawa ardhi ya wote kwa wachache. Ukuta mzuri, historia chungu. Ila hata walipojenga, mahali palipokuwa na njia walilazimika kuacha mwanya. Mwingine ni mwembamba kiasi kwamba mtu anapita na kondoo hapiti, na mtu aliyekula vizuri anapita kwa kuvuta pumzi.

Hapo ndipo lilipo jambo nililokuwa nataka kumwambia Mama. Ukiifungua ramani ya huku unaona vistari vya kijani vilivyokatikakatika, maelfu. Kila kimoja ni haki ya kupita. England na Wales zina takribani kilomita 225,000 za njia kama hizo, zinapita katikati ya mashamba, hata uani kwa mtu, na mwenye uwanja hana ruhusa ya kukuzuia. Mara moja nilipita mbele ya dirisha la jiko la watu, mama wa nyumba anaosha vyombo, akainua kichwa, akanitazama mtu mweusi mwenye begi na suruali ya tope, akanipungia mkono na kuendelea na sufuria yake. Si wote wanaopunga. Lakini haki haitegemei kupungiwa.

Na hakuna hata kimoja cha vistari hivyo kilichochorwa kwa ajili yangu, mtu wa matembezi. Hiki walipita wachimbaji wa madini ya risasi kwenda Swinner Gill na Gunnerside Gill, ambako waliziba vijito wakavifungulia kwa mkupuo ili maji yachane mlima na kuonyesha mwamba. Makovu yapo mpaka leo. Risasi ya nje iliposhuka bei mwishoni mwa karne ya 19, migodi ikafa, watu wakaondoka kwenda kwenye makaa ya mawe ya Durham, viwanda vya Lancashire, na Marekani. Mkabala na Kisdon kuna magofu ya Crackpot Hall, nyumba ya mkulima iliyopasuka kwa sababu chini yake mlima ulikuwa umechimbwa. Waliihama miaka ya 1950. Kile kingine ni cha kwenda kanisani. Kingine cha kufuata ng'ombe. Kila kijia kilikuwa jibu la mtu aliyeulizwa unaenda wapi.

Baada ya Muker njia ya maiti inafuata mto. Ivelet kuna daraja la mawe la upinde mmoja, limenyanyuka katikati kama mgongo wa paka, na upande wa kaskazini, pembeni ya majani, kuna jiwe bapa refu. Wenyeji wanasema hapo ndipo jeneza lilipotuliwa wabebaji wakipumzika. Wanasema pia kwamba darajani hupita mbwa asiye na kichwa, na kwamba kumwona si heri. Niliangalia pande zote mbili, kisha nikatua begi langu juu ya jiwe. Sikukaa. Begi tu.

Nilikula hapo nimesimama. Kwenye mchanga wa mto kulikuwa na ndege wawili wenye midomo mirefu iliyopinda kwa chini, mmoja akaruka na kulia ile sauti inayopanda, inayotetemeka, halafu inakatika. Nilimjua. Nimesoma Tanga, na maji yakitoka ufukweni tulikuwa tunawaona ndege wa aina hii wakichokonoa tope. Sululu, tuliwaita, jina moja na sululu ya kuchimbia, na ukiona mdomo huulizi kwa nini. Wa huku hawaji Tanga. Baridi ikianza hushuka tu kwenye pwani zao. Wanazaa mlimani na wanapungua vibaya mno, tangu 2015 wako kwenye orodha nyekundu ya ndege wa Uingereza. Lakini mlio ni uleule. Nilisimama daraja la Ivelet nikasikia Tanga maji yametoka.

Siku ya tatu haina mengi. Mvua asubuhi, Gunnerside, malango mengi ya kufungua na kufunga, fahali mmoja ambaye sheria haikunipa ujasiri wa kumpita karibu. Grinton nilifika saa saba mchana. Kanisa limejaa makaburi kila upande, mawe yameinama, mengine hayasomeki. Nilizunguka mara moja, nikakaa ukutani kusubiri kibasi cha Richmond, nikampigia Mama.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Uko kazini?"

"Niko safarini. Nimetembea siku tatu."

"Kwenda wapi?"

Safari hii nilikuwa na jibu. Nikamwambia kuna njia ambayo watu walikuwa wanawabebea wafu wao, siku mbili, juu ya mlima, mpaka hapa nilipokaa. Nimeifuata yote. Nilitegemea anyamaze kama kawaida, lakini alitaka kujua mambo. Walikuwa wanapokezana watu wangapi? Walilala wapi njiani, na maiti je? Nani aliwapikia? Nikamwambia kuhusu jiwe la darajani.

"Baba yako hakutuliwa," akasema. "Kutoka nyumbani mpaka makaburini hakugusa chini. Vijana walijaa, yaani mtu hakupata hatua kumi."

Sikuwa najua. Hakuna aliyewahi kunieleza, na mimi sikuwahi kuuliza.

"Mdogo wako aliingia mara mbili," akasema Mama. "Mara ya pili akasema hii ni ya kaka."

Kibasi kikatokea kwenye kona ya daraja. Nikamwambia Mama lazima nipande. Akauliza kama nimekula, nikasema nimekula. Akauliza viatu nilivyotembelea ni vipi, nikamweleza habari ya tope na mzee, akacheka mpaka akakohoa.

"Na kiatu kimekauka?"

"Bado."

"Kijaze magazeti," akasema, "usikiweke karibu na moto, kitapasuka."

Nikapanda.